Rangi ya kucha ya mchanga: Pambo ni halali, udhu je?

Kila ninapomaliza somo la twahara kwa wasichana wa sekondari ninaowafundisha hapa Dar es Salaam, hawakosi wawili watatu wanaobaki nyuma, mikono wameificha ndani ya mitandio. Swali lao nalijua kabla hawajalitoa. Miaka ya nyuma lilihusu rangi ya kucha ya kawaida, ile inayong'aa. Siku hizi ni ile wanayoiita "rangi ya mchanga", nayo imekuja na hoja zake. Nimeona nilitoe swali hili darasani nililete gazetini, kwani naamini mama zao na dada zao nao wanalo, ila wao hawana mwalimu wa kubaki naye nyuma.

Kwa wasioijua, rangi hii ikiwa ndani ya chupa haina tofauti kubwa na nyingine. Tofauti yake inaonekana ikishakauka. Haiwi laini. Inabaki na chembe zilizosimama, ukipitisha kidole unahisi mkwaruzo kama wa msasa laini, au kama sukari iliyomwagika mezani. Zipo zinazometameta, na zipo zilizofifia kama ukuta uliopigwa lipu. Mwaka 2012 kampuni ya Ciaté ya Uingereza ilivuma kwa mtindo wa kumwagia ukucha vishanga vidogo mno kabla rangi haijakauka. Mwaka 2013 kampuni za Marekani, OPI na Zoya, zikatoa rangi zenye chembe ndani ya chupa yenyewe, OPI wakiziita Liquid Sand na Zoya wakiziita PixieDust. Baada ya hapo kila mtengenezaji akaiga.

Niseme wazi kwamba mimi naipenda. Ninayo chupa moja ya buluu iliyokoza ambayo huipaka wakati wa likizo. Nikiwa nasahihisha madaftari najikuta kidole gumba kinapita juu ya kucha za vidole vingine kuhisi ule mkwaruzo, kama mtu anayevuta tasbihi. Rangi nyingine unaitazama tu, hii unaigusa. Hata asiyekuwa na muda wa kukaa mbele ya kioo anaweza kuifurahia akiwa ndani ya daladala.

Nalisema hili kwa makusudi. Zipo darsa ambazo binti akiuliza kuhusu kucha hujibiwa kwanza kwa kukaripiwa, kana kwamba kupenda pambo ni dalili ya imani kupungua. Hilo silo tulilofundishwa. Katika Suratul A'raf, aya ya 32, Allah (s.w.) anawahoji wale wanaojiharamishia pambo alilowatolea waja wake. Na katika Sahihi Muslim, Ibn Mas'ud (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya mtu anayependa nguo nzuri na viatu vizuri, hakuuita upendo huo kuwa ni kiburi. Alieleza kuwa Allah mwenyewe anapenda uzuri.

Kuhusu kucha hasa, Abu Daud na Nasai wamepokea kwa bibi Aisha (r.a.) habari ya mwanamke aliyemnyooshea Mtume (s.a.w.) barua kutoka nyuma ya pazia. Mtume akazuia mkono wake, akasema hajui kama ule ni mkono wa mwanamume au wa mwanamke. Alipoambiwa ni wa mwanamke, akaeleza kuwa mwanamke angezibadilisha kucha zake, yaani kwa hina. Wanazuoni wa hadithi wamehitilafiana juu ya nguvu ya sanad yake, hivyo siijengei hukumu. Naitaja ili kuonesha kwamba mazungumzo ya wanawake wa Kiislamu na rangi ya kucha hayakuanza na saluni za Kariakoo.

Asili ya jambo hili basi ni halali, pamoja na masharti yanayojulikana ya mapambo: kutojionesha mbele ya wasiokuwa maharimu, kutofanya israfu, na mjane kujiepusha nayo katika eda yake ya miezi minne na siku kumi. Uzito upo kwingine kabisa, nao ni maji.

Nitatoa mfano mmoja kwa nini nalikazania. Binti mmoja wa kidato cha tano alikuwa na harusi ya dada yake Jumamosi. Wakapakwa rangi ya mchanga nyumba nzima, rangi ya dhahabu. Jumatano iliyofuata nikamkuta amekaa nje ya msikiti wa shule wakati wa adhuhuri. Nikadhani yuko katika siku zake, nikapita. Jioni akaja mwenyewe akaniambia hakuwa katika siku zake. Alikuwa hajaswali tangu harusi. Anajua udhu haupiti juu ya rangi, na aliogopa kuitoa kwa sababu imegharimu fedha nyingi na bado ilikuwa nzuri. Siku nne, swala ishirini, kwa ajili ya kucha kumi. Alichokosa si elimu ya udhu, maana hiyo alikuwa nayo. Hakuwahi kuambiwa namna ya kuishi na pambo hilo pamoja na swala, na katika kuchagua kimoja, swala ndiyo iliyoachwa.

Tuanze na udhu wenyewe. Suratul Maida, aya ya 6, inaamrisha kuoshwa uso, mikono mpaka viwikoni na miguu mpaka vifundoni, na kupakwa kichwa. Ukucha ni sehemu ya mkono na ni sehemu ya mguu. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abdullah bin Amr (r.a.) kwamba safarini, Alasiri imewabana, Masahaba walikuwa wakitia udhu kwa haraka, na Mtume (s.a.w.) akapaza sauti kuwaonya kuwa visigino vilivyoachwa bila maji vitapata moto. Na katika Sahihi Muslim, Umar (r.a.) amesimulia habari ya mtu aliyetia udhu akaacha sehemu ya mguu wake bila kuipitishia maji. Sehemu yenyewe ilikuwa na ukubwa gani? Kiasi cha ukucha. Mtume (s.a.w.) akamrudisha akautengeneze udhu wake.

Imam Nawawi katika kitabu chake cha Al-Majmu' anaeleza kuwa ikiwa juu ya kiungo kuna nta, au kinyunga, au hina yenyewe iliyoganda, ikazuia maji yasifike, twahara haisihi, iwe kitu hicho ni kingi au kidogo. Lakini kikiondoka chenyewe ikabaki alama na rangi yake tu, twahara inasihi. Hapo ndipo hina inapotengana na rangi ya chupa. Hina iliyooshwa haiachi tabaka. Dawa yake ya rangi imeshikana na ukucha wenyewe. Rangi ya chupa ni kinyume chake. Ndani yake kuna nitroselulosi iliyoyeyushwa katika vimiminika vyenye harufu kali. Vimiminika hivyo vinaruka hewani, kinachobaki ni utando mgumu, ndugu wa rangi zilizokuwa zikipigwa kwenye magari. Gari hupigwa rangi ili maji yasifike kwenye bati.

Sasa hoja za mabinti, nazo si za kupuuza.

Ya kwanza ndiyo inayohusu hii ya mchanga hasa. Wanasema, mwalimu, hii haikufunika kama ile nyingine, ina mashimomashimo, maji yanaingia katikati ya chembe. Ni kweli maji yanaingia katikati ya chembe, lakini yanaishia juu ya utando ulezile. Chembe hizi ni vipande vidogo vya plastiki vilivyozama ndani ya rangi. Rangi inapokauka inanywea, nazo zinachomoza vichwa kama mawe katika zege. Chini yake utando umeungana, haukukatika. Tena hupakwa mara mbili, hivyo tabaka lake huwa nene kuliko rangi ya kawaida. Mkwaruzo wake unashikilia matone ya maji, na anayetia udhu anaona ukucha umelowa akadhani umeoshwa.

Ya pili, wanakumbusha hadithi ya Ummu Salama (r.a.), ambaye alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama ni lazima afumue misuko yake iliyokaza anapooga janaba, akamjibu kuwa inamtosha kumwagia kichwani mara tatu. Wanasema, iwapo misuko ilihurumiwa, kucha nazo zihurumiwe. Nimefurahi kuisikia hoja hii kwa binti wa miaka kumi na sita, maana ni kiyasi, na anayefanya kiyasi anafikiri. Ila haisimami. Nywele zilizosukwa zinapitisha maji mpaka kwenye shina, na maulamaa wetu wa Kishafi wanaeleza kuwa kama misuko imekaza kiasi cha kuzuia maji yasifike ndani, itafumuliwa. Huruma ilikuwa katika kufumua, haikuwa katika kufika kwa maji.

Wapo wanaotaja kupaka maji juu ya khofu. Hiyo ni ruhusa ya miguu peke yake, ina muda wake wa siku moja na usiku wake kwa mkaazi na siku tatu kwa msafiri, na mikono haina khofu. Bandeji ya jeraha nayo imeruhusiwa kwa dharura. Tayammamu, aliyoniuliza yule binti wa kidato cha tano, ni ya aliyekosa maji au anayedhurika nayo, na bomba la shule lilikuwa likitoka.

Inayohitaji kukaa nayo ni ile ya rangi "zinazopumua", ambazo sasa zinauzwa zimeandikwa neno halali kwenye boksi. Chimbuko lake mashuhuri ni kampuni ya Inglot ya Poland. Mwanzilishi wake, Wojciech Inglot, alikuwa mkemia, akafariki Februari 2013. Rangi yake iitwayo O2M hakuitengeneza kwa ajili ya Waislamu. Alitaka ukucha upate hewa na unyevu usichakae, akaeleza kuwa amefuata mfano wa lenzi za macho za kisasa. Waislamu ndio walioiona wakauliza, kama mvuke unapita, je, udhu? Likasambaa jaribio la kuipaka kwenye karatasi ya kuchujia kahawa, kudondoshea maji juu yake na kutazama kama karatasi ya chini italowa. Wapo wanazuoni walioiruhusu kwa kutegemea majaribio ya namna hiyo, na wapo waliokataa. Tofauti hiyo ipo mpaka leo na sitaki kuificha.

Mimi niko pamoja na waliokataa, na sababu yangu ataielewa yeyote aliyelelewa na bibi mwenye mtungi. Mtungi wa udongo unatoa jasho. Maji ya ndani yanapita kwenye udongo polepole, na asubuhi unaukuta una unyevu nje, ndiyo siri ya ubaridi wake. Lakini nani aliwahi kuosha mtungi kwa nje kwa kuujaza maji ndani? Kupita kwa unyevu ni jambo moja, na kuosha, ambako kwa mafakihi ni kutiririsha maji juu ya kiungo, ni jambo jingine. Karatasi nayo inanyonya maji, ukucha haunyonyi hivyo. Anayetia udhu anapitisha maji kwenye kidole kwa sekunde chache, hakai na tone moja juu ya ukucha akisubiri. Na ikiwa kweli rangi inapitisha kwa tabaka moja jembamba, hilo halitusaidii katika rangi ya mchanga yenye matabaka mawili na plastiki ndani yake. Swala ni ibada ya yakini, na maandishi ya boksi hayatoi yakini.

Basi ivaliwe lini? Hapa ndipo tunapowaacha mabinti njiani.

Jawabu la kawaida ni kwamba mwanamke ajipake katika siku ambazo ameondolewa swala, kisha aitoe kabla ya kuoga josho lake. Ni jawabu sahihi. Lakini lina aibu yake ambayo wanaume wanaolitoa hawaifikirii. Mtaani, chuoni, ofisini, watu wameshaizoea. Wakimwona dada mswalihina ana rangi kwenye kucha, wanajua. Nimesikia wanafunzi wa chuo, wanaume, wakitaniana juu ya hilo, na nimemsikia msichana akisema haipaki kabisa kwa kuogopa kutangaza hali yake. Kuficha jambo hilo ni haki yake.

Nao ufumbuzi upo ndani ya fiqh yenyewe. Rangi ya kucha haivunji udhu. Aliyetia udhu kamili kucha zikiwa tupu, kisha akapaka rangi, ataswali kwa udhu huo mpaka utakapotenguka, kwa kuwa rangi si najisi na haizuii chochote katika swala. Anayekwenda kwenye harusi atie udhu wa Magharibi, aswali, apake rangi yake, na akiuhifadhi udhu wake ataswali Isha nayo. Akirudi nyumbani aitoe kabla ya kulala, ili alfajiri isimkute ameshika pamba huku jua linachomoza. Nyingine ni kuipaka baada ya Isha kwa ajili ya nyumbani, kwa mume au kwa raha yake mwenyewe. Dada zangu wakizoea kuivaa katika nyakati kama hizi pia, kucha zao hazitakuwa tena kalenda ya kusomwa na wapita njia.

Tatizo ni kuitoa, maana rangi ya mchanga ni mbishi. Ukiisugua kwa pamba, chembe zinachana pamba na kazi haiendi. Usiikwangue kwa kisu au wembe, inaondoka na ngozi ya juu ya ukucha. Loweka kipande cha pamba kwenye dawa ya kutolea rangi, kiweke juu ya ukucha, ukifunge kidole kwa karatasi ya foili ya jikoni. Subiri dakika tano, kisha kamua kidogo na uvute kuelekea nje. Chunguza pembeni na kwenye mizizi ya ukucha, chembe moja moja hupenda kujificha hapo. Dawa yenye asetoni inafanya kazi haraka zaidi, na asetoni si pombe, kwa kuwa nalo naulizwa. Kisha nawa kwa sabuni na upake mafuta, yakishafyonzwa hayazuii udhu. Zipo pia rangi za chini zenye asili ya gundi ya maji, zinazopakwa kwanza ili rangi yote ivutike kama ganda. Anayetaka kuivaa na kuitoa siku hiyohiyo ndiyo imfaayo.

Aliyekuwa akiswali na rangi kwa kutojua, madhehebu yetu ya Kishafi yanamtaka azirejee swala anazoamini aliziswali katika hali hiyo. Akae na sheikh wake amweleze hali yake, maana wa wiki mbili si sawa na wa miaka kumi. Binti wa kidato cha tano alilipa zake ishirini kwa siku mbili, na yeye alikuwa anajua.

Jambo jingine nilitaje kwa kupita. Wale vijana wanaotembeza rangi kwenye vikapu huku wakigonganisha chupa ni watafutaji halali kama wengine, sina ugomvi na biashara yao. Lakini dada wa Kiislamu aliyevaa hijabu yake vizuri, akakaa kwenye kigoda cha barazani na kumpa mwanamume asiye maharimu yake mguu auoshe, ausugue na kuupaka kidole kimoja kimoja kwa nusu saa, hapo hatuzungumzii tena udhu. Anunue chupa, wapakane na shoga yake.

Na kuna wasioweza tena kuitoa wenyewe. Mama mmoja wa mtaani kwetu anayeosha maiti za wanawake aliniambia kwamba kucha za siku hizi zinamchelewesha kuliko kitu kingine chochote, hasa za mabinti waliofikwa na mauti ghafla. Josho la maiti nalo linataka maji yafike mwili mzima. Rangi ya kawaida inatoka, ila hizi zenye chembe zinataka subira, na nje watu wanagonga mlango kuuliza kama tayari. Kwa hiyo katika mfuko wake, pamoja na pamba, kafuri na sanda, anaweka chupa ya dawa ya kutolea rangi na foili. Kila jumuiya ya akina mama inayosimamia mazishi ingefaa iwe nazo, gharama yake ni ndogo.

Nimeulizwa pia kuhusu kucha za bandia za kubandika kwa gundi, na zile zinazokaushwa kwa taa maalumu. Hizo zina mambo yake na nafasi imekwisha. Nitaziandikia wiki ijayo, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.